Dar–Mwanza: Mfanyabiashara analipia saa, si kilomita

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ni takriban kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, safari inazidi kilomita 1,100, na kwa reli ya kati inazidi 1,200. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa mashirika ya ndege katika njia hii, ambayo ni miongoni mwa zenye abiria wengi nchini. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi wanapolinganisha nauli huangalia muda wa kuruka peke yake, na hapo hesabu huanza kwenda kombo.

Tuanze na ndege zenyewe. Airbus A220 ya Air Tanzania, ambayo ni jeti, ikishatulia angani huenda kama kilomita 830 kwa saa. Q400 ya shirika hilohilo, ambayo watu wameizoea kwa jina la pangaboi, huenda kama 660. ATR 72 ya Precision Air huenda kama 510. Kwa kilomita 850 hiyo ni saa moja kwa jeti, saa moja na robo kwa Q400, na saa moja na dakika 40 kwa ATR. Ndege zote ziongezee dakika 20 hadi 30 za kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua. Kumbe jeti inayosifiwa sana inaipita Q400 kwa robo saa tu.

Robo saa hiyo humezwa kabla abiria hajafunga mkanda. Anatakiwa awe uwanjani walau saa moja kabla, na waangalifu huweka mbili. Kutoka Kariakoo hadi uwanjani ni kama kilomita 10, lakini nani wa Dar es Salaam anayepima Barabara ya Nyerere kwa kilomita saa za jioni? Kutoka mlango hadi mlango, safari ni ya saa nne hivi, upande jeti au pangaboi.

Kwa maoni ya ukurasa huu, kinachostahili kulipiwa ni ratiba. Mwenye duka wa Mwanza anayefuata mzigo Kariakoo, akitua Dar es Salaam saa 3 asubuhi na kurudi jioni, amefunga duka siku moja na hana gharama ya gesti. Akichukua tiketi ya bei nafuu ya saa 8 mchana, maduka ya jumla yatakuwa yanakaribia kufunga atakapofika mjini. Atalala, atakula, na duka litafungwa siku ya pili. Unafuu wa nauli umekwisha hapo.

Aidha, kasi ya jeti haina faida ikiwa ndege imeegeshwa. Mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya A220 kutokana na matatizo ya injini za Pratt & Whitney, na ratiba ikayumba. Mwenye miadi ya benki aulize kwanza kama kuna ndege nyingine siku hiyohiyo.

Je, treni ya umeme italeta ushindani? Kwa Dodoma imekwisha kuleta. Kwa ndege ni kilomita 390 tu, na tangu katikati ya 2024 treni inafika kwa takriban saa nne, hivyo ukijumlisha saa za uwanjani ndege haina la kujivunia. Mwanza ni habari nyingine. Reli ya kisasa itakapofika huko, treni ya kilomita 160 kwa saa itahitaji zaidi ya saa saba na nusu hata isiposimama kituo chochote. Anayepaswa kuiogopa treni hiyo ni mwenye basi la usiku, ambalo liliruhusiwa tena mwaka 2023 na ambalo abiria wake huliona kama usafiri na gesti kwa nauli moja.