Mteja Amefika Kwenye Malipo Akatoka? Pima Duka Lako la Mtandaoni Hivi

Una duka mtandaoni. Watu wanaingia, wanaangalia bidhaa, wengine hata wanaweka kitu kwenye kikapu. Halafu kimya. Wenye biashara wengi husema shida ni bei au matangazo. Inaweza kuwa kweli. Lakini kabla hujashusha bei, cheki jambo moja: je, mtu asiyekujua anaweza kununua kwako mwanzo hadi mwisho bila kukupigia simu?

Hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa siku moja. Tutakaa zaidi kwenye hatua ya malipo, kwa sababu hapo kosa dogo la ukurasa linamfanya mtu aone ameibiwa.

Tafuta watu 5 na uwape kazi moja

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Huhitaji kampuni ya utafiti. Unahitaji watu 5 ambao hawajawahi kufungua tovuti yako. Usimchukue aliyekutengenezea tovuti, wala rafiki atakayekuambia "iko sawa" ili asikuudhi.

Tuseme unauza viatu, na mzigo uko Kamukunji. Mwambie kila mmoja: "Nunua kiatu cheusi saizi 41, kifikishwe Kisii." Kisha nyamaza. Usimwonyeshe kitufe. Usimweleze. Mteja wa kweli hatakuwa na wewe kando yake.

Mpe simu ya bei ya kawaida, yenye bando, si WiFi ya ofisi. Na alipe kweli: weka bidhaa ya majaribio ya shilingi 10 na umpe hiyo pesa. Jaribio linaloishia kwenye kikapu limekosa sehemu muhimu kuliko zote.

Kwa kila hatua, andika moja kati ya haya matatu: amepita, amekwama kisha akaendelea, au ameacha.

Mambo ya kuangalia kabla ya malipo

*Uzito wa picha.* Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na MB 3 au zaidi. Ukurasa wenye picha 20 kama hizo unakula MB 60 za bando la mteja kabla hajachagua chochote. Ukizipunguza hadi KB 150 kila moja, zote 20 zinakuwa MB 3 tu.

*Bei kamili.* Mteja ameona kiatu cha Sh1,800. Kama gharama ya kumfikishia inatokea mwisho kabisa, ikawa Sh2,250, atahisi amechezwa hata kama bei yako ni ya haki. Onyesha gharama ya kupeleka kwenye ukurasa wa bidhaa, au mapema kwenye kikapu.

*Fomu.* Tovuti nyingi zimejengwa kwa mifano ya nje, kwa hivyo zinalazimisha jina la barabara, namba ya nyumba na namba ya posta. Mteja wako anajua mtaa, jengo, au stage aliyo karibu nayo. Mpe nafasi ya kuandika "mkabala na shule ya msingi, geti la buluu". Usimlazimishe kufungua akaunti ndio anunue. Na usiulize usichohitaji. Huhitaji namba ya kitambulisho kuuza kiatu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye taarifa zile tu zinazohitajika kwa kazi yenyewe.

*Namba ya simu.* Jaribu kuandika namba inayoanza na 07, kisha 01, kisha 254, kisha +254, na moja yenye nafasi katikati. Namba za 01 zilianza kutolewa mwaka 2019, lakini kuna fomu ambazo bado zinazikataa. Mtu wa laini hiyo haoni kosa la fomu yako. Anaona duka lako halimtaki.

Hatua ya malipo: hapa usiharakishe

Angalia mambo haya moja moja.

1. Namba ya kulipa na namba ya kupigiwa. Wengi wana laini mbili, au wanalipiwa na mtu mwingine. Ruhusu namba tofauti, na uandike wazi ni ipi itapokea ombi la PIN.

2. Jina linalotokea kwenye simu. Duka linaitwa jina moja, lakini ombi la malipo linakuja na jina la kampuni uliyosajili, ambalo mteja hajawahi kulisikia. Akiwa ameonywa kila siku kuhusu matapeli, atabonyeza kukataa, na atakuwa amefanya vizuri. Andika kabla ya kitufe: "Utaona jina hili kwenye simu yako", kisha uliweke kama lilivyo.

3. Maneno wakati wa kusubiri. Duara linalozunguka bila maelezo ni hatari. Mteja hajui kama aweke PIN, asubiri, au abonyeze tena. Mwambie: "Angalia simu yako, weka PIN, kisha rudi hapa. Usifunge ukurasa." Na kitufe cha kulipa kikishabonyezwa mara moja, kizime.

4. Malipo yakikwama. Sababu zinatofautiana: salio halitoshi, PIN si sahihi, mteja amekataa, au ombi halikufika. Ukurasa unaosema tu "kumetokea hitilafu" unamwacha gizani. Mbaya zaidi ni pale pesa imetoka na tovuti inasema malipo hayakufaulu. Mtu analipa mara ya pili, kisha jioni anaona meseji mbili za makato. Hapo ukurasa useme hivi: "Kabla ya kulipa tena, angalia kama umepata meseji ya kuthibitisha. Kama umeipata, andika namba ya muamala hapa."

5. Njia ya pili. Weka namba yako ya Till au Paybill, pamoja na namba ya oda. Ombi la PIN lisipofika, mteja alipe mwenyewe bila kuanza upya.

6. Baada ya kulipa. Mteja aone namba ya oda, alichonunua, kiasi alicholipa, siku mzigo utakapofika na namba ya kupiga. Kimya baada ya pesa kutoka ndicho kinachomfanya mtu aanze kukulalamikia mtandaoni.

Na tovuti yako isiombe PIN kamwe. PIN huwekwa kwenye ombi linalotokea kwenye simu ya mteja pekee.

Utarekebisha nini kwanza?

Soma maandishi yako ya watu wote 5. Mahali ambapo 3 au zaidi wamekwama pamoja, tatizo si wao. Anza na chochote kinachogusa pesa, kisha kile kilichofanya mtu aache, halafu kile kilichomchelewesha tu. Rangi na nembo zitasubiri. Ukimaliza, tafuta watu wengine 5 na urudie. Wale wa kwanza sasa wanaijua njia.

Kama wewe ndiye mnunuzi

Soma jina na kiasi kabla ya kuweka PIN. Ukiona jina usilolijua, kataa na uulize duka. Ukurasa ukikwama, usilipe tena kabla ya kuangalia meseji na salio. Na ile meseji yenye namba ya muamala usiifute hadi mzigo ufike mkononi, kwa sababu hiyo ndiyo risiti yako.