Mpaka wa shamba na ploti uchorwe sasa

Ekari moja ya udongo mwekundu wa Kiambu hutoa ploti nane za futi 50 kwa 100. Kila dalali anaijua hesabu hiyo, na ndiyo inayoamua hatima ya mashamba kuanzia Ruiru hadi Limuru. Ploti zikinunuliwa, mwenye shamba hushika kwa mkupuo fedha ambazo maziwa na sukuma wiki zingechukua miaka na mikaka kumletea. Simlaumu. Ana karo ya kulipa, ana wagonjwa, na kahawa ilimtupa zamani.

Maana kahawa ndiyo iliyoyashikilia mashamba haya. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na leo mavuno ya nchi nzima hucheza kwenye tani 50,000 hivi. Mibuni iking'olewa, shamba hubaki bila mtetezi. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, wanunuzi walimiminika. Tatu City, mji wa ekari 5,000 huko Ruiru, unajengwa juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa.

Zaidi ya asilimia 80 ya Kenya ni kame au nusu kame. Hatuna Kiambu nyingine ya akiba. Udongo ukishafunikwa kwa zege haurudi tena, na mboga za Nairobi zikilazimika kutoka mbali zaidi, gharama ya lori humwangukia mama anayenunua fungu moja la sukuma jioni.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, ipo tangu 1967. Inataka bodi itoe idhini kabla shamba halijauzwa au kugawanywa. Kasoro yake ni kwamba bodi hutazama ombi moja moja. Hakuna anayeuliza kaunti nzima ibaki na ekari ngapi za kulima. Katiba ya 2010 iliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi, lakini mswada wa 2015 uliokusudia hilo haukupita.

Jimbo la British Columbia, Kanada, lilifuata njia nyingine. Mwaka 1973 serikali yake ilianza kuchora ramani ya ardhi ifaayo kwa kilimo, yapata hekta milioni 4.7, ikaiweka chini ya tume. Mwenye shamba hulimiliki, hulirithisha na hata kuliuza, ila hawezi kuligawa ploti wala kuligeuza mtaa bila ruhusa ya tume. Ni asilimia 5 tu ya jimbo, lakini ndiyo inayolimika. Wakulima waliandamana, wakisema serikali imewapora thamani ya mali yao, na kilio chao kilikuwa cha haki. Mwaka huohuo serikali ikaanzisha bima ya kipato cha mkulima. Huko Marin, California, shirika lililoanzishwa 1980 humlipa mkulima ili aachie daima haki ya kujenga mitaa, naye huendelea kulima. Zaidi ya ekari 50,000 zimelindwa hivyo.

Hapo ndipo penye jibu letu. Mpaka bila malipo ni dhuluma kwa mkulima, na malipo bila mpaka hayamzuii dalali. Mkulima wa Githunguri, Kiambu, akiambiwa asiuze ploti, basi maziwa yake yalipwe vizuri na kwa wakati.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na wananchi washirikishwe kuuandaa. Miaka 10 ni michache mno kwa udongo. Bunge lazima litunge sheria ya kudumu. Lakini tuanzie kwenye mpango huo. Mkutano ukitangazwa katika wadi yako, nenda, na udai mashamba yanayolimwa leo yaandikwe kwenye ramani kuwa ya kilimo.