Kinanda Kinabonyezwa, Sauti Haibadiliki: Shida Iko Wapi?

Tuseme kikundi chenu kina kompyuta, maikrofoni moja na kinanda kidogo cha kuchomeka kwa waya wa USB. Mwimbaji ameshaimba na sauti yake imerekodiwa. Sasa mnataka ile sauti moja isikike kama watu watatu: mpiga kinanda abonyeze noti tatu, na maneno ya mwimbaji yatoke kwa noti hizo. Programu ya kufanya kazi hiyo iko, inaitwa vokoda. Mnaiweka, mnabonyeza kinanda, na hakuna kitu. Sisi tuliketi hivyo jioni nzima, na mmoja wetu alikuwa ameanza kuhesabu pesa za kununua kinanda kingine. Kumbe kinanda kilikuwa kizima kabisa. Kilichokosa ni njia.

Ili kuelewa njia hiyo ni lazima kwanza tujue kinanda kinatuma nini. Wengi wetu tunafikiri kinatuma sauti. Hapana. Kinatuma ujumbe wa midi. Midi ni lugha ya vyombo vya muziki iliyoanza kutumika mwaka 1983, wakati kinanda cha Sequential Circuits na kile cha Roland, makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana, viliunganishwa kwa waya mmoja mbele ya watu huko Marekani. Ujumbe wenyewe ni mfupi: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa imeachiliwa. Nguvu inahesabiwa kwa namba hadi 127. Ni kama kile kikaratasi mweka hazina anachompa mtu aende nacho stoo: "Toa magunia mawili." Kikaratasi si mahindi. Kama hakifiki kwa mwenye stoo, hakuna gunia litakalotoka, hata kikiandikwa vizuri namna gani.

Mwenye stoo wetu hapa ni plagini, yaani ile programu ndogo inayoingizwa ndani ya programu kubwa ya kurekodi. Plagini nyingi za kubadilisha sauti, kama mwangwi, zinahitaji sauti tu. Vokoda inahitaji vitu viwili: sauti ya mwimbaji ilete maneno, na noti za kinanda zilete tuni. Kimoja kikikosa, kimya. Ndiyo sababu mtu akiiweka mara ya kwanza anashtuka kwamba hata sauti ya mwimbaji imepotea! Haijapotea, inangoja noti.

Plagini hizi zilianza kuenea mwaka 1996, Steinberg wa Ujerumani walipotoa mtindo unaoitwa VST. Mwaka 1999, katika toleo la pili la mtindo huo, ndipo plagini zikaweza kupokea midi. Lakini si kila plagini ilitengenezwa kupokea, kwa hivyo angalieni maelezo yake kabla ya kuhangaika.

Sasa tushike kazi. Tutatumia programu ya REAPER na plagini ya TAL-Vocoder, ambayo ni ya bure. Wekeni treki mbili. Ya kwanza iwe ya sauti ya mwimbaji, na vokoda iwekwe hapo hapo, si kwa treki ya kinanda. Hapa ndipo wengi wanakosea, na sisi pia tulikosea, kwa sababu mtu anafikiri plagini inayopigwa kwa kinanda lazima ikae na kinanda. La, inakaa na sauti. Treki ya pili iwe ya kinanda, haina plagini yoyote. Iwasheni tayari kurekodi, chagueni kinanda chenu kiwe ndicho kinachoingia, na muwashe kile kitufe cha kusikiliza papo hapo. Halafu shikeni kitufe cha kuelekeza njia kwenye treki ya kinanda, mkiburute hadi juu ya treki ya sauti, mkiachie. Dirisha dogo litafunguka. Upande wa midi uachwe upitishe chaneli zote. Upande wa sauti unaweza kufungwa, maana treki hiyo haina sauti ya kupeleka. Chezesheni wimbo na mbonyeze kinanda. Itaitika.

Isipoitika, angalieni chaneli. Midi ina chaneli 16, na kama kinanda kinatuma kwa ya 2 na plagini inasikiliza ya 1 peke yake, ni kama kupiga simu kwa namba ya jirani.

Wenye programu nyingine wasikate tamaa. Katika Ableton Live treki ya sauti haikubali midi ndani yake, kwa hivyo mnatengeneza treki ya midi kando, mnaielekeza kwa treki ya sauti, na chini yake mnachagua jina la plagini. Cubase inafanana na hiyo. Logic ndiyo kichwa chini miguu juu: plagini inakaa pale chombo cha muziki hukaa, na sauti ya mwimbaji ndiyo inayoletwa kwake kupitia mlango wa pembeni.

Mkishafaulu, msicheze tu hivi hivi. Rekodini noti za kinanda kwenye treki yake. Sauti ya mwimbaji inabaki safi vile alivyoimba, na noti zinabaki kando. Siku mkiona noti moja imeenda kombo, mnaisogeza kwa panya tu, bila kumlipia mwimbaji nauli ya kurudi kuimba upya.