Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo: Usajili Peke Yake Hautoshi

Matokeo ya mitihani ya skuli yanapotangazwa, matangazo ya vyuo huongezeka mitaani, Mwanakwerekwe ikiwamo. Mzazi husoma kwamba chuo "kimesajiliwa", akaridhika na kulipa. Tunawanasihi watumiaji wasiishie hapo.

Usajili hukipa chuo haki ya kuwapo kisheria. Ithibati huonesha kwamba walimu, vifaa na mafunzo yake yamekaguliwa na kufikia viwango. Hata hivyo, chuo chenye ithibati kinaweza kutangaza kozi ambayo bado haijaidhinishwa, na cheti cha kozi hiyo kikakataliwa na mwajiri au chuo kingine.

Kila ngazi ina msimamizi wake. Shahada husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, mamlaka yake yanafika pia katika vyuo vikuu vya Tunguu na Chukwani. Astashahada na stashahada za vyuo vya ufundi zimo chini ya NACTVET. Mafunzo ya amali, kama yanayotolewa katika kituo cha Mwanakwerekwe, yamo chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar.

Kibali nacho huweza kufutwa. Mwaka 2016, TCU ilifuta vibali vya matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph yaliyokuwa Songea na Arusha, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Kwa hiyo orodha ya mwaka uliopita isitegemewe.

Kabla ya kulipa, mtumiaji afanye yafuatayo:

1. Aandike jina kamili la chuo, tawi na kozi, kisha avitafute vyote vitatu katika orodha ya sasa ya mamlaka husika. Cheti kilichotundikwa ukutani si uthibitisho.
2. Adai kwa maandishi masharti ya kurejeshewa ada.
3. Alipe katika akaunti ya benki yenye jina la chuo, si mkononi mwa wakala.
4. Ahifadhi risiti, barua ya kukubaliwa na tangazo lililomvutia.

Aliyepotoshwa na tangazo aanze kukiandikia chuo. Asiporidhika na majibu, alete kwetu malalamiko pamoja na nakala za nyaraka hizo. Ada inaweza kudaiwa irudi. Miaka ya mwanafunzi hairudi.