Part 2 ya mamba Gustave iko wapi?

Kila picha ya mamba ikiwekwa kibanda umiza hapa Kasingirima, lazima mtu aulize: part two ya yule mamba wa Burundi imetoka? Jibu fupi: haipo. Jibu refu ndo hili.

Muvi yenyewe inaitwa Primeval, ilitoka Januari 2007, steringi Dominic Purcell, yule wa Prison Break. Waandishi wa Marekani wanatumwa Burundi kumnasa mamba mla watu. Kichekesho ni tangazo lake: lilinadi stori ya kweli ya muuaji hatari kuliko wote, mamba wakamficha! Watu wakaenda sinema wakitegemea jambazi, wakakutana na mamba wa kompyuta. Wengi waliiponda, na haikuuza. Halafu yale maji siyo Tanganyika, walipigia picha Afrika Kusini.

Sasa picha za madude zina biashara yake. Ya kwanza ikivuma, jina linakuwa mtaji, zinazofuata zinatengenezwa kwa hela ya mboga. Cheki Anaconda. Ile ya 1997 ilikuwa na Jennifer Lopez na Ice Cube. Ya tatu (2008) na ya nne (2009) zilipigwa kwa mkupuo mmoja Romania, za kuonyeshwa kwenye TV, na nyoka unamwona kabisa ni wa kuchora. Bado watu waliangalia, jina linatosha. Primeval haikupata jina, kwa hiyo part 2 wangeuza nini?

Ila Gustave mwenyewe siyo stori ya kutunga. Jina alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi na kumfuatilia miaka mingi mto Rusizi na kaskazini mwa ziwa letu. Alikadiriwa kuzidi mita 6. Walimtegea tego kubwa la chuma, wakabadilisha chambo mpaka mbuzi hai, akawatoka. Mkasa huo ulitolewa kwenye filamu ya 2004. Wengine wanasema ameua watu 300, lakini hakuna aliyewahi kuthibitisha. Wataalamu walieleza kwamba mwili mkubwa vile unamfanya mzito, samaki na swala wanamkimbia, ndo maana anavamia viboko na watu.

Muvi inagusia pia kwamba maiti za vita zilizotupwa mtoni zilimzoesha nyama ya binadamu. Hapo ndo sikucheka. Vita ya Burundi ilianza 1993, na waliokimbia wengi walipokelewa hapa hapa mkoani Kigoma. Kwa aliyeyaona yale, hiyo siyo horo.

Na sisi tunaooga ziwani tukumbuke: mamba wa kweli hana muziki wa kutisha kabla hajatokea. Anajificha pale pale watu wanapozoea kuchota maji na kufua, hasa giza likiingia. Mwambie na mdogo wako.

Haya, part 2 ikipigwa Ujiji, nani awe steringi? Tiririkeni hapo chini.