Uzi Mbovu Huanzia Shambani

Kikoi kikitoka na rangi isiyolingana, lawama zote humwendea mtia rangi. Ndugu msomaji, mara nyingi kosa lilianza kabla hata ya uzi kusokotwa.

Pamba si moja. Ile yenye nyuzinyuzi ndefu, milimita 28 au zaidi, hushikana vyema na kutoa uzi mwembamba ulio imara. Fupi huachiana, uzi ukakatikakatika mashineni. Pamba isiyokomaa nayo hujifunga vifundo vidogo visivyoshika rangi vizuri, nguo ikabaki na madoadoa.

Ndiyo maana viwanda makini hupima marobota kwa urefu, nguvu na ukomavu wa pamba. Kisha makumi ya marobota hupangwa kwa safu, mashine ikamega kidogo kwa kila moja, ili mchanganyiko wa leo ufanane na wa jana. Mazuri yakitumiwa yote leo na mabaya yakaachwa kesho, kitambaa hutoka na michirizi.

Lakini kupanga marobota hakuondoi uchafu wa magunia ya plastiki. Nyuzi zake nyeupe hujificha ndani ya pamba, zikaonekana nguo ilipokwisha kutiwa rangi.

Kwa hivyo, mkulima wa Lamu, Kwale na Kilifi, itenge safi na fifi siku ile ile ya kuchuma, na uihifadhi kwenye gunia la kitambaa cha pamba. Nawe mnunuzi, lipa safi kwa bei ya safi. Zote zikiwa bei moja, nani atajisumbua kutenga?