Mpaka Usioonekana kati ya Matulo na Kitale

Msafiri atokaye pwani akafika Matulo, karibu na Webuye katika Kaunti ya Bungoma, ataona mashamba ya miwa na mahindi. Si mbali na hapo kipo kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Akipanda gari kwenda Kitale hataona lango wala ukuta njiani. Lakini zamani palikuwa na mpaka, nao ulikuwa mpaka wa rangi.

Upande wa Bungoma ilikuwa rizavu ya Waafrika. Upande wa Kitale ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maaskari wa Kizungu waligawiwa mashamba huko, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mbukusu aliweza kuilima ardhi hiyo akiwa kibarua au skwota, kuimiliki hakuruhusiwa. Hoja ya watawala ilikuwa nyepesi: watu ni mbalimbali, basi watendewe mbalimbali.

Kisha kukawa na kipande. Tangu miaka ya 1919 na 1920, mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kukichukua, kikiwa na alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Hapo ndipo Wazungu wengi walipopiga kelele kwamba kutoa alama za vidole ni aibu! Mkuki kwa nguruwe. Kwa mwanadamu mchungu.

Lakini sisi watu wa pwani tusiwacheke. Mombasa nako serikali ilimwita Mwarabu "si mwenyeji" na Mswahili "mwenyeji", ingawa walisali safu moja, wakaoana na kuzikana. Thelatha Taifa na Tisa Taifa waliona uchungu, na mwaka 1927 wakaunda Afro-Asian Association kudai heshima yao. Madai yalikuwa na haki. Hata hivyo, tukiri kwamba wengi wetu tuliomba kupandishwa daraja la juu. Wachache walitaka madaraja yenyewe yavunjwe.

Je, basi kila kutofautisha ni dhuluma? La hasha. Dini yetu yenyewe hutofautisha. Msafiri hupunguza sala, mgonjwa huruhusiwa kula Ramadhani, na zaka hupewa fakiri, si tajiri. Lakini tazama kipimo chake ni nini: ni hali ya mtu, wala si ukoo wake. Msafiri akirudi kwake hutimiza sala. Mgonjwa akipona hulipa saumu. Kipande hakikuwa na siku ya kupona, kwani mtu haponi rangi yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila na dini. Papo hapo inaruhusu hatua za kuwainua walioachwa nyuma na dhuluma za zamani. Wengine husema huo nao ni ubaguzi. Mimi naona ni dawa, ila dawa ina kiasi chake: jeraha likipona, dawa iachwe.

Jambo hili halijaisha. Kwa miaka mingi vijana Waislamu wa pwani, Wasomali na Wanubi wameombwa vyeti vya mababu na kuhojiwa na kamati kabla ya kupata kitambulisho, huku wenzao wakikipata bila maswali hayo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa masharti hayo. Tangazo ni jema, lakini kipimo chake kitakuwa dirishani, mbele ya karani.

Msomaji, ukitaka kujua kama sheria ina haki, jiulize swali moja: ungeikubali kama wewe ungezaliwa Matulo, na aliyeitunga akakaa Kitale?